Kisu Bora cha Kukunja na Hewa ya Chumvi

Katika Utange, upande wa bara wa barabara kuu iendayo Malindi, ambako minazi na miembe ingali imesimama katikati ya nyumba za kupangisha zinazozidi kujengwa kila mwaka, si rahisi kumwona mtu mzima aendaye shambani pasipo chuma mkononi. Panga ni la kufyekea, jembe ni la kulimia, na mgema hapandi mnazi bila kotama yake. Lakini ziko kazi nyingi ndogo ambazo vyombo hivyo havifai: kukata kamba ya gunia, kumenya embe, kuchonga kijiti cha kupandikizia mche, kufungua mfuko wa mbolea, na kwa karani aliye mezani kwake, kuchonga penseli na kupasua bahasha. Kazi hizi zataka kisu kidogo kinachokunjwa na kutiwa mfukoni, na wengi hupoteza fedha zao katika kukinunua.

Huzipoteza kwa njia mbili. Wako wanunuao kisu cha bei ndogo kabisa katika soko la Kongowea au kwa mchuuzi wa njiani, na masika moja ikipita kimeshika kutu na kulegea. Hununua cha pili, na cha tatu, hata bei ya visu vyote ikijumlishwa yapita bei ya kisu kimoja kizuri. Na wako wengine, hasa vijana wenye mshahara au walioletewa fedha na ndugu aliye Ghuba au Ulaya, ambao hutaka kisu chenye jina kubwa, wakalipa maelfu ya shilingi bila kujua wanalipia kitu gani. Wa kwanza hutokwa na mali kidogo kidogo, wa pili hutokwa nayo kwa siku moja. Basi yafaa kueleza ni nini hasa kinachofanya kisu cha kukunja kiitwe bora, na ni kipi kati ya hayo kimfaacho mtu akaaye karibu na bahari.

Zamani sifa za visu zilikuwa sifa za miji. Mji wa Sheffield katika Uingereza ulipata chama cha mafundi wa visu kwa sheria ya mwaka 1624, na katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman akavumbua huko njia ya kuyeyusha pua katika vyungu vya udongo hata ikawa safi kuliko ile ya kwanza. Wajerumani wana Solingen, na tangu mwaka 1938 ipo sheria inayokataza jina la mji huo kupigwa juu ya kisu kisichotengenezwa huko. Wafaransa wana Thiers, na katika milima ya Savoie Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu chenye mpini wa mti ambacho mpaka leo wakulima wengi wa Ulaya hawakiachi. Katika Uswisi, Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akauza kisu cha askari mwaka 1891 na kile cha maofisa mwaka 1897. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, mwanawe alikipa kiwanda jina lake; na mwaka 1921 likaongezwa neno la Kifaransa lenye maana ya chuma kisichoshika kutu, likawa Victorinox. Wajapani nao wana mji wa Seki.

Wala sifa ya chuma si jambo geni kwa Mombasa. Al-Idrisi, aliyeandika kitabu chake cha nchi za dunia katika mwaka 1154 kwa mfalme wa Sisilia, alisema habari za watu wa Mombasa kwamba kazi yao ni kuchimba chuma na kuwinda chui.

Katika visu vya kukunja vyenye jina, kinachojulikana sana katika Afrika ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani yaliyokuwa Afrika, na jina lake ni la yule mnyama wa msitu wa Ituri katika Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka uliotangulia tu. Mpini wake ni wa mti uliopambwa kwa nyota na miezi, na mgongoni ipo pete ya chuma: mtu huivuta ili kamani iachie na kisu kikunjike. Kutoka mwaka 1988 kisu hiki chatengenezwa Afrika Kusini. Bei yake ni ndogo, makali yake hunoleka upesi, na mwenye shamba hawezi kukilaumu kwa mengi, isipokuwa kwamba pua yake ni ya kaboni tupu, na pua ya namna hiyo haipatani na hewa ya pwani.

Kwa upande mwingine wa mizani kipo kisu kiitwacho Sebenza. Fundi wake, Chris Reeve, ni mtu wa Afrika Kusini aliyeanza kazi Durban mwaka 1984, akahamia jimbo la Idaho katika Marekani mwaka 1989. Jina la kisu ni la Kizulu, maana yake ni kufanya kazi. Kisu hiki huuzwa zaidi ya dola 400, yaani zaidi ya shilingi 50,000 za Kenya, na wapenzi wa visu duniani hukitumia kama kipimo cha kupimia vingine. Mfanyabiashara akitaka kusifu mali yake husema kwamba inakaribia Sebenza. Mtu wa Utange akisikia bei hiyo atauliza kama kisu hicho hulima chenyewe. Hakilimi. Lakini si haki kusema kwamba fedha yote ni ya jina, kwa kuwa yako mambo matatu yanayolipiwa kwa kweli, nayo ni pua, komeo, na usahihi wa mkono wa fundi.

Pua ndiyo ya kuangaliwa kwanza, na hapa mtu wa pwani asisikilize ushauri wa mtu wa Nairobi. Kisu cha pua ya kaboni chaweza kukaa miaka Limuru kikiwa na weusi mwepesi tu. Katika nyumba iliyo karibu na hori ya Mtwapa, ambako upepo huleta chumvi na mfuko wa suruali hulowa jasho toka asubuhi hata jioni, kutu nyekundu huonekana kwa siku chache. Tena kuna matunda. Maji ya embe, ndimu na ukwaju yana ukali unaoila pua ya kaboni, na tunda lenyewe huchukua ladha ya chuma. Yafaa hata hivyo kutofautisha rangi mbili: weusi au ukijivu unaotokea juu ya bapa baada ya kukata matunda si ubaya, bali huzuia kutu kidogo, wekundu ndio ulao chuma hata ukaacha vishimo.

Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield alitengeneza pua iliyotiwa kromiamu nyingi, na kutoka hapo watu wakazoea kusema pua isiyoshika kutu. Neno hilo lapita kweli. Pua yenye kromiamu hushika kutu pole pole tu, na chumvi ikiachwa juu yake usiku kucha, hasa karibu na msumari wa bawaba ambako kitambaa hakifiki, vidoa huanza. Ndiyo sababu kiwanda cha Spyderco cha Marekani kina jamii ya visu iitwayo Salt, maana yake chumvi, na kwa visu hivyo kimetumia pua ziitwazo H1 na LC200N, ambazo ndani yake naitrojeni imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kaboni. Pua hizi hustahimili maji ya bahari yenyewe. Mwaka 2021 ikatokea nyingine iitwayo MagnaCut, iliyobuniwa na mtaalamu wa madini wa Kimarekani, Larrin Thomas, ambayo yajaribu kuunganisha makali yadumuyo na uwezo mkubwa wa kukataa kutu. Kwa mvuvi, au kwa mkulima mwenye shamba ukingoni mwa hori, majina haya ya pua yana maana kubwa kuliko jina la kiwanda.

Lakini kuna jambo ambalo muuza duka hapendi kulisema. Pua iliyo ngumu sana hukaa na makali kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo fahari ya visu vya bei kubwa. Ila siku yakiisha, kuyarudisha ni kazi. Ugumu wa pua hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vya Victorinox vipo karibu na 56. Visu vya bei kubwa huwa 59 hata 62, na tena pua zao nyingi zina vanadiamu, ambayo hufanya ndani ya chuma punje ndogo ngumu kuliko mchanga wa kinoo cha kawaida. Mwenye kisu cha namna hiyo akikisugua juu ya jiwe la nyuma ya nyumba, au juu ya ukingo wa saruji kama wafanyavyo wengi, atachoka yeye kabla ya kisu kupata makali. Chataka kinoo cha vumbi la almasi. Basi anunuaye kisu cha shilingi 30,000 na asinunue kinoo chake, amenunua kisu cha miezi michache. Baada ya hapo kitakuwa butu kama kile cha shilingi 200, na kitakaa kabatini.

Kwa mkulima anoaye mwenyewe kwa jiwe, pua ya ugumu wa kadiri ni bora zaidi. Opinel, kwa mfano, hutengenezwa kwa namna mbili, ya kaboni na ya pua ya Sweden isiyoshika kutu upesi, na hii ya pili yampasa mtu wa pwani. Hunoleka kwa dakika chache. Kasoro yake i katika mpini: ni wa mti, na mti ukinywa maji huvimba, hata siku za masika bapa hubanwa ndani na kufunguka kwa shida. Mafundi wa Ulaya wenyewe wajua jambo hili, na wenye visu hivyo huugonga mwisho wa mpini mezani ili bapa litoke kidogo. Anayekitaka aupake mti mafuta mara kwa mara.

Na pasiwe na mtu ampaye kisu chake kizuri yule fundi anoaye kwa gurudumu la baiskeli, isipokuwa fundi huyo ana desturi ya kutia maji. Gurudumu kavu hutoa cheche, na cheche ni dalili ya moto. Makali yakigeuka rangi ya samawati, joto limepita ile kadiri ambayo kiwanda kilitumia kukipa kisu ugumu wake, na sehemu hiyo imekuwa laini. Hakuna kunoa kutakakoirudisha, ila kuisaga mpaka chuma kizima kionekane.

Komeo ndilo linalotenganisha kisu na hatari. Kisu cha kukunja kisicho na komeo hushikwa wazi na kamani peke yake, na mtu akikisukuma vibaya hukunjika juu ya vidole. Visu vya Victorinox vidogo ni vya namna hii, navyo vyafaa sana kwa karani na kwa kazi nyepesi. Havifai kuchimbia wala kutobolea gunia gumu. Opinel ina pete ya chuma shingoni, iliyoongezwa mwaka 1955, ambayo huzungushwa kwa kidole ili bapa lisirudi. Ni komeo rahisi kuliko yote na mchanga hauliharibu kwa urahisi. Viko visu vyenye komeo la mgongoni, na viko vile vyenye ulimi wa chuma mwembamba ndani ya mpini. Sebenza hufanya zaidi: ubavu mzima wa mpini ni wa titani, madini mepesi yasiyoliwa na maji ya chumvi, na kipande cha ubavu huo huo hukatwa kikawa ulimi mnene unaoingia nyuma ya bapa kisu kifungukapo. Kadiri mkono unavyokaza mpini, ndivyo ulimi unavyozidi kubana. Njia hii imeigwa na viwanda vingi.

Kuigwa huku ndiko kumemletea mnunuzi faida na hasara pamoja. Faida ni hii, kwamba leo viko viwanda vya China, hasa katika mji wa Yangjiang, vitengenezavyo visu vya kukunja vilivyo sawa kwa kazi na vile vya Marekani na Ulaya, kwa pua zile zile, na mara nyingi kwa bei iliyo chini. Mtu asidharau kisu kwa kuwa kimeandikwa China. We na Reate ni majina yaheshimiwayo na watu wajuao visu. Hasara ni kwamba nchi hiyo hiyo hutoka visu vya kughushi, vyenye jina la mwingine, ambavyo kwa sura vyafanana na vya asili na kwa ndani ni chuma hafifu. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, lakini sheria haimrudishii mtu kidole wala fedha aliyompa mchuuzi aliyekwisha kwenda zake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kisu cha dola 400 hakiuzwi kwenye dirisha la matatu kwa shilingi 1,500.

Kabla ya kulipa, mnunuzi akifungue na kukifunga kisu mara nyingi, pole pole. Bapa likiwa limefungwa lisimame katikati ya mpini, lisiguse ubavu. Likiwa wazi, alishike kwa vidole viwili na kulitikisa kushoto na kulia, kisha juu na chini: kisu bora hakichezi hata kidogo, wala bawaba yake si nzito. Komeo likiisha kushika, agonge mgongo wa bapa polepole juu ya kipande cha mti, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Likiteleza, akirudishe kisu, hata kama jina lake ni kubwa namna gani. Atazame karibu na bawaba kama jina la pua limepigwa wazi na herufi zimenyooka. Parafujo ni bora kuliko ribiti kwa mtu wa pwani, kwa sababu kisu chaweza kufunguliwa, kikasafishwa chumvi na mchanga, kikafungwa tena. Ila parafujo hizo ziwe za namna ambayo bisibisi yake yapatikana Mombasa. Urefu wa bapa wa sentimita 7 hata 9 watosha kazi zote zilizotajwa. Yale mapambo ya mistari kama mawimbi juu ya bapa, yaitwayo ya Dameski, huongeza bei sana, na katika visu vya kughushi mara nyingi ni picha tu iliyochorwa kwa dawa. Hayakati embe vizuri zaidi.

Utunzaji hauna siri. Kisu kilichokata ndimu au kupata maji ya bahari huoshwa kwa maji matamu siku ile ile na kukaushwa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani hutiwa katika bawaba. Mafuta ya nazi yapo kila nyumba, lakini yakikaa hugeuka gundi na kukusanya vumbi. Wala kisu kisilazwe katika ala ya ngozi kwa miezi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuushikiza juu ya chuma.

Limebaki jambo moja lenye uzito katika Kisauni kuliko penginepo. Wilaya hii imepata kusumbuliwa na vikundi vya vijana washikao mapanga na visu, na polisi wakimkuta kijana usiku akiwa na kisu chenye komeo na ncha kali hawaulizi kwanza kama ni cha pua gani. Kanuni ya Adhabu ya Kenya humhesabu kuwa mkosaji mtu aendaye na silaha mahali pa watu pasipo sababu ya haki, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Mkulima atokaye shambani mchana na gunia lake ana sababu iliyo wazi. Kijana aliyesimama kituo cha matatu saa nne za usiku hana, hata kisu chake kikiwa cha Uswisi. Kwa hiyo mwenye kazi ya mezani ni afadhali achague kisu kidogo kisicho na komeo, cha rangi nyekundu au buluu ambacho hakuna akionaye kuwa silaha, na kile kikubwa kikae shambani. Uingereza imekwisha kuweka jambo hili katika sheria: kisu cha kukunja kisicho na komeo, ambacho makali yake hayazidi inchi 3, huruhusiwa kubebwa bila kutoa sababu, na kile chenye komeo hakiruhusiwi pasipo sababu njema. Na asafiriye kwa ndege akitie katika mzigo uendao chini. Kikikutwa katika mkoba wa mkononi kitachukuliwa pale pale kiwanjani, kiwe cha shilingi 200 au cha 50,000.